Chini ya Piano

Siku Mwenyekiti wa kikundi alipotuma watu kufuata kinanda, viti vya kukodi vilikuwa bado uani na masufuria ya majirani hayajarudi kwa wenyewe. Dobi, dada wa marehemu, alikuwa amekaa kizingitini akitazama viatu vya kaka yake, kwa sababu kila kitu kingine kilishapata mtu wa kukisemea, ila viatu hakuna aliyemwambia avifanyeje. Wakaingia wanaume wawili wa kikundi cha uimbaji, wote wa sauti ya tatu, wamevaa nyuso za msiba.

"Pole sana, dada," alisema mmoja. "Bwana ametoa, Bwana ametwaa."

"Ahsante."

"Na sisi tumetumwa kutwaa kinanda."

Hawakuwa wanatania. Hiyo ndiyo shida ya waimbaji wa sauti ya tatu.

Kwamba kinanda kilikuwa mali ya kikundi, hilo halikuwa na ubishi. Kikundi kiliimba kwenye arusi, mahafali, ufunguzi wa maduka na mazishi, nyimbo zilezile, ila kasi tofauti. Lakini mpigaji alikuwa Fundi, kaka yake Dobi, na kwa kuwa ndiye aliyekibeba mgongoni na kukifungua tumbo kila kilipokohoa, kinanda kilikaa kwake. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili: cha mbele kaka alitengeneza redio, cha nyuma dada alifua na kupiga pasi nguo za watu. Kinanda kililala mezani na Fundi kitandani, pua kwa pua, kama mke na mume walionuniana.

Kisha kifua kikamshika Fundi, kikamshika kweli, na kitanda kikabaki na kinanda peke yake.

Wale wawili wakakibeba, mmoja kichwani mmoja miguuni, kama walivyobeba jeneza juzi yake, na kwa heshima kidogo zaidi, maana jeneza halikuwa na vitufe. Dobi hakuwazuia. Aliwafuata mpaka kwenye toroli lao barabarani, akarudi, akajifungia chumba cha nyuma. Hakulilia kinanda. Alimlilia aliyekuwa ndani yake.

Maana kinanda kile kilikuwa na maarifa yake. Kilikubali kutoa sauti mbili kwa wakati mmoja. Ukibonyeza kitufe cha piano pamoja na cha fidla, kila noti utakayoigusa inatoka na piano na fidla, moja juu ya nyingine kama blanketi juu ya shuka. Tena kilikuwa na tundu dogo upande wa kulia la kunasia sauti. Uimbe, ubweke, ugonge sufuria, kinashika, halafu kinaitandaza sauti hiyo kwenye vitufe vyote, toka chini mpaka juu.

Mchana mmoja wa mvua, wateja hakuna, Fundi aliinamia tundu lile akapiga mluzi mmoja mrefu, umenyooka kama uzi wa kushonea. Dobi alikuwa anapita na kapu la nguo.

"Kaka, ni birika limechemka au ni wewe?"

Fundi akashindwa kujizuia. Mashine ikanasa mluzi wote pamoja na mwanzo wa kicheko, kisha ikakata. Mtu mwingine angefuta arudie. Fundi hakufuta. Aliuchukua ule mluzi akauweka kuwa sauti ya pili, chini ya piano, akaupunguza mpaka ukawa kama mtu anayemfuata mwenzake njiani hatua chache nyuma. Akauhifadhi kwenye kitufe namba moja.

"Piano ni ya kikundi," alimwambia dada yake. "Huyu wa chini ni mimi."

Miaka yote kikundi kiliimba juu ya mluzi wa Fundi na hakuna aliyejua. Kicheko hakikusikika, kwa sababu kilikuwa mkiani kabisa mwa mluzi na yeye hakuwahi kushikilia noti hadi kufika huko. Ni kule nyumbani tu, akitaka kumchokoza dada yake, alipozima piano na kukandamiza kitufe kimoja mpaka kicheke, na Dobi akimwambia, "Kajinga kako hako kamenaswa, hakatoki tena."

Sasa Dobi alikuwa na simu, na ndani ya simu kulikuwa na ujumbe mmoja tu wa sauti ya kaka yake: "Nunua sabuni ya unga, si ya kipande." Aliusikiliza mpaka sabuni ikamchosha. Kucheka kwa kaka yake kulibaki mahali pamoja duniani, nako kulikuwa kumepakiwa kwenye toroli na watu wa sauti ya tatu.

*

Mazoezi yalifanyika katika ghala la Mwenyekiti, nyuma ya duka lake la vifaa vya ujenzi. Soprano walikaa kwenye mabati, alto, Dobi akiwa mmoja wao, kwenye ndoo za rangi, besi kwenye mifuko ya saruji, na waliochelewa walikalia vyoo vipya ambavyo vilikuwa bado kwenye nailoni. Mwenyekiti mwenyewe hakuimba. Alisimama pembeni akipiga makofi nje ya mdundo.

Mpigaji mpya aliitwa Maestro. Jina hilo alijipa mwenyewe, kwa hiyo alilitunza sana. Alikuwa amekwenda kusoma muziki kwa muda ambao yeye aliuita miaka na mama yake aliuita likizo, akarudi na skafu shingoni ambayo hakuivua hata jua likiwa utosini. Siku ya kwanza alibonyeza kitufe namba moja, akapiga noti mbili tatu, akafumba macho.

"Mnasikia?"

Watu wakasikiliza.

"Hamsikii. Sikio halijasoma. Hapa nimechanganya. Juu ni piano. Chini yake nimeweka filimbi ya wachungaji wa milimani. Ala adimu sana. Inachongwa kwa mfupa wa bawa la tai."

"Tai!" alisema Mwenyekiti, kama vile ndiye aliyemuuza huyo tai.

Kinyozi, ambaye aliimba besi na hakuwa na breki mdomoni, aliinua mkono. "Maestro, mbona sauti hiyo ilikuwepo tangu enzi za marehemu?"

"Ilikuwepo, ndiyo, kama dhahabu inavyokuwepo ardhini. Sifa ni ya mchimbaji." Maestro akatengeneza skafu. "Marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi redio. Ameacha takataka nyingi humu ndani. Nitazisafisha moja baada ya moja."

Dobi, nyuma kwenye ndoo yake ya rangi, alikuwa ameshafungua mdomo. Akaufunga. Aliliona jambo lile waziwazi kama doa kwenye shati jeupe: sauti hii ikiwa ya tai, itasifiwa, ikiwa ya mdomo wa Fundi, ni takataka, nayo itasafishwa. Akaimba alto yake, huku chini ya piano kaka yake akimfuata hatua chache nyuma.

Uongo wa Maestro ulikuwa na afya njema na ulikua haraka. Kwenye arusi ya kwanza ilikuwa mfupa wa tai. Kwenye mahafali tai akawa amekufa kifo cha kawaida, maana kumwua ni mwiko. Kwenye ufunguzi wa duka la miwani akaongezeka mchungaji mjane aliyempigia filimbi marehemu mkewe kila machweo, na mwenye duka akavua miwani akafuta macho. Filimbi kama hizo zilikuwa zimebaki tatu tu duniani, alisema Maestro. Alipoulizwa aliwahi kuiona wapi, alijibu kwamba ala za namna hiyo hazionwi, zinahisiwa.

"Mimi nahisi uongo," Kinyozi alimnong'oneza Dobi, "na sijasomea."

Dobi alijifunza kumshukuru Maestro moyoni, kwa uchungu, kama mtu anavyomshukuru mwizi aliyeiba nguo kwenye kamba kabla ya mvua. Alijaribu mara moja kunasa ule mluzi kwa simu yake wakati wa mazoezi. Simu ilinasa piano na mke wa Mwenyekiti.

Mke wa Mwenyekiti ilikuwa vigumu kutomnasa. Mama Mwenyekiti ndiye aliyekuwa soprano mkuu, na ukuu huo haukupigiwa kura. Alipopanda noti za juu, mabati aliyoyakalia yaliitikia. Alikuwa mwanamke mwenye nguvu, hodari dukani, mkweli kwa wateja, na angekuwa mtu kamili kama asingeimba.

*

Ikaja habari ya kiwanda cha magodoro. Kilikuwa kinafunguliwa, mgeni rasmi angekuwa mwenye kiwanda, na Mwenyekiti aliutaka uwakala wa magodoro yale kuliko alivyowahi kutaka kitu kingine. Kikundi kingeimba. Kwa hiyo lazima kuwe na kitu kipya, kitu cha kumfanya mwenye kiwanda asisahau.

Wakati huo Maestro alikuwa amesoma kitabu cha maelekezo cha kinanda hadi kufikia ukurasa wa lile tundu.

"Kinanda hiki," alitangaza mbele ya saruji na vyoo, "kinaweza kunasa sauti ya binadamu na kuifanya ala."

Macho ya Mwenyekiti yakang'aa. "Yaani kinaweza kumnasa mama?"

"Mama akitoa 'aaa' moja tu, nikibonyeza vitufe vinne, wanaimba mama wanne."

Besi wote wakatazama chini.

"Mmoja tu mabati yanatetemeka," alisema Kinyozi, lakini kwa sauti ya kuomba dua.

Mama Mwenyekiti alikuwa ameshasimama, ameshakohoa, ameshashusha mabega kama alivyoelekezwa na Maestro. Maestro alibonyeza hapa, akabonyeza pale, akainamia kioo kidogo cha kinanda. "Inasema nafasi ya kunasia ni moja tu, na kuna kitu ndani. Inauliza nikifute."

"Kitu gani?" aliuliza Mwenyekiti.

"Takataka za marehemu. Labda alijaribu kunasa redio."

"Futa," alisema Mwenyekiti, kwa sauti ileile aliyotumia kuwaambia wapagazi wapakie.

Hapo ndipo Dobi alipojikuta amesimama. Ndoo ya rangi ilianguka nyuma yake ikabingiria. Kidole cha Maestro kilikuwa juu ya kitufe, na Maestro hakujua kwamba chini ya kidole kile kulikuwa na tai wake, mjane wake, na sifa zake zote. Kumwambia ni kazi rahisi. Angesema, "Hiyo ndiyo filimbi yako." Na Maestro, mbele ya watu wote, angefanyaje? Mtu aliyeshikwa na uongo hauwekei uongo huo kumbukumbu. Angebonyeza.

"Samahani, Maestro," alisema Dobi. "Naomba kuuliza."

"Uliza, dada. Kuuliza si ujinga." Alisema hivyo kwa namna ya kuonyesha kwamba mara nyingi ni ujinga.

"Sauti ya mama itakaa wapi? Juu au chini?"

Maestro alipenda kufundisha, na kidole kikaondoka kwenye kitufe ili kimsaidie kufundisha. "Swali zuri. Sauti ya kunaswa huwa ni ya pili tu. Ya kwanza lazima iwe mojawapo ya zile za mashine yenyewe. Kwa hiyo piano itakuwa juu, na mama atakuwa chini."

"Chini ya nini?" aliuliza Mama Mwenyekiti.

"Chini ya piano, mama. Kidogo tu. Nitakupunguza ili usi..."

"Utanipunguza?"

"Si wewe, mama, sauti. Ili ichanganyike."

Dobi alisema, kwa upole wote wa mtu ambaye kazi yake ni kurudisha nguo za watu zikiwa safi, "Nafikiri ni kama bitana, mama. Koti ndilo linaloonekana. Bitana kazi yake kushika jasho."

Wapo watu ambao huwezi kuwatukana kwa sababu hawasikilizi. Mama Mwenyekiti hakuwa mmoja wao. Aligeuka taratibu kumtazama Maestro, halafu mumewe, halafu kinanda.

"Miaka yote nasimama mbele. Leo niwe bitana?"

"Mke wangu," alisema Mwenyekiti, "hiyo ni teknolojia."

"Teknolojia ikamlaze mama yako chini ya piano!"

"Sasa mama yangu ameingiaje?"

"Basi piano ndiyo ikae chini," Mama Mwenyekiti alimwambia Maestro.

"Mashine haikubali, mama."

"Mashine haikubali?"

"Haikubali."

"Basi haina adabu. Izime."

Maestro akaizima. Lile swali kwenye kioo likafa nalo, halikujibiwa. Dobi aliokota ndoo yake akaikalia.

"Dada Dobi," Kinyozi alimnong'oneza, "leo umempiga mtu pasi bila moto."

Dobi hakucheka. Alikuwa amemwokoa kaka yake kwa kumchoma mama wa watu kwa maneno, tena maneno ya uchochezi. Kaka yake angelipenda jambo hilo sana. Ndiyo maana lilimuuma.

*

Kiwanda cha magodoro kilinuka gundi na rangi mpya. Wageni walikalishwa katikati ya ukumbi, wamezungukwa na magodoro yaliyopangwa mpaka darini, na baada ya hotuba ya tatu ilionekana wazi kwamba hilo lilikuwa kosa. Watu walisinzia mmoja mmoja, kwa heshima, wakianzia mstari wa pili. Mgeni rasmi, mwenye kiwanda, mwanamume mkubwa mwenye suti ya bluu, alisinzia kwa haki kabisa, maana yalikuwa magodoro yake.

Kikundi kikaimba. Mama Mwenyekiti akawaamsha wengi. Lakini kilichomwamsha mwenye kiwanda si yeye. Ni pale ubeti ulipokwisha, waimbaji wakanyamaza, na Maestro akabaki na kinanda peke yake kwa noti chache. Yule bwana akafungua jicho moja.

"Hiyo sauti ndogo ya chini ni nini?"

Maestro alikuwa amesubiri swali hilo tangu azaliwe. Akachukua kipaza sauti. Akaanza na mlima, akashuka kwa tai, akapita kwa mjane, akawatua wote kwenye zile filimbi tatu zilizobaki duniani, ambazo sasa zilikuwa mbili, kwa kuwa moja ilizikwa pamoja na mwenyewe. Ukumbi ukapumua kwa huzuni. Mwanamke mmoja akasema "Masikini!" Mwenyekiti aliinamisha kichwa kama jamaa wa mchungaji.

"Toa piano basi," alisema mwenye kiwanda. "Tuisikie peke yake."

Maestro akapunguza piano mpaka ikaisha, akapandisha ile ya pili mpaka mwisho. Hakuwahi kuisikiliza peke yake. Kuisifu kulimtosha. Akachagua vitufe vitatu vilivyoachana mbali, kimoja cha chini, kimoja cha kati, kimoja cha juu, akavikandamiza kwa pamoja, akalaza kichwa begani, na akashikilia.

Miluzi mitatu ikatoka, safi, imenyooka, ikajaza ukumbi hadi juu ya magodoro. Watu wakafumba macho. Maestro akashikilia. Dobi, mstari wa nyuma, akajua kinachokuja na hakuna alichoweza kufanya. Maestro akashikilia bado, maana aliona mwenye kiwanda ameweka mkono kifuani.

Na mluzi ulipokwisha, Fundi akacheka.

Mashine haikujua kwamba kicheko ni kicheko. Ilikifanya kama noti nyingine yoyote. Kitufe cha juu kilicheka haraka haraka, sauti nyembamba, na Dobi akamsikia kaka yake wa zamani, mtoto aliyelala naye blanketi moja akilivuta upande wake usiku kucha. Kitufe cha kati kilicheka kama Fundi wa siku ile ya mvua. Na kitufe cha chini kilicheka taratibu, kizito, kwa mikwaruzo, kicheko cha mzee aliyeshiba miaka. Huyo Dobi hakuwahi kumwona. Huyo hakuna ambaye angemwona, kwa kuwa kifua hakikumruhusu afike. Wakafuatana, mtoto kwanza na mzee mwisho, wakakatika mmoja mmoja.

Maestro alirusha mikono juu kama aliyegusa pasi. Halafu, kwa kuwa hakuamini masikio yake, na masikio ndiyo aliyoyasomea, akabonyeza tena. Wakacheka tena.

"Ni nini hicho?" aliuliza mwenye kiwanda.

"Ni... ni wachungaji wenyewe, mheshimiwa. Walinaswa wakiwa kazini."

"Mbona mmoja ni mtoto?"

"Huko milimani wanaanza mapema."

Hapo Dobi akacheka. Hakuwa amecheka tangu viti vya kukodi, na kicheko kilikuwa kimekaa muda mrefu bila kazi, kikatoka chote kwa mpigo, pamoja na machozi, pamoja na makamasi, mpaka alto wawili wakamshika mikono wakidhani anaanguka.

"Wewe, mama wa mstari wa nyuma," alisema mwenye kiwanda. "Unacheka nini?"

Watu wote wakageuka. Dobi alijifuta uso kwa kiganja. Alikuwa amelinda neno hili miezi yote, na sasa, mbele ya ukumbi mzima, aliona kwamba hana nguvu ya kulibeba zaidi.

"Huyo si mchungaji," alisema. "Ni kaka yangu. Ni Fundi. Alipiga mluzi, nikamtania, akacheka. Yumo humo ndani."

Maestro akakileta kipaza sauti mdomoni, akapunguza sauti ili ukumbi mzima usikie vizuri.

"Mheshimiwa, dada yetu huyu amefiwa karibuni. Msiba una mambo yake."

"Aaah," ukasema ukumbi, kama unavyomsemea mtoto aliyeanguka. Yule mwanamke aliyesema masikini akasema tena masikini. Mwenye kiwanda akatikisa kichwa kwa huruma kubwa, akaita mtu wake.

"Apewe godoro," aliagiza. "Futi tano kwa sita."

Makofi yakapigwa. Hivyo ndivyo ukweli ulivyopokewa: ulisikilizwa, ukahurumiwa, ukapewa godoro.

*

Uani, wakati wengine wanasubiri soda, Maestro alikuwa ameinamia kinanda kilichounganishwa kwenye waya mrefu kutoka dirishani. Skafu alikuwa ameivua. Mtu anaweza kuudanganya ukumbi na akabaki na kichwa chake mwenyewe, na kichwa cha Maestro kilikuwa kimeshajumlisha. Dobi alifika akiwa ameshika godoro lake kwa mikono miwili, limesimama wima, limemzidi urefu.

"Kumbe ni ile takataka," alisema Maestro bila kumtazama. "Muda wote huu. Mdomo wa fundi redio."

"Maestro, nakuomba. Endelea kuwaambia ni tai. Sitasema tena."

"Umeshasema. Leo wamekupa godoro. Kesho watakumbuka." Alikuwa ameshafungua kile kioo kidogo, na kioo kilikuwa kimeshauliza lile swali lake. "Nafuta."

"Hebu subiri," alisema Mama Mwenyekiti.

Alikuwa ametokea nyuma yao na chupa ya soda mkononi. Hakumwangalia Dobi. Alikiangalia kinanda.

"Bonyeza kwanza. Kile cha katikati. Nisikie."

"Mama, ni sekunde tu, halafu..."

"Bonyeza."

Maestro akabonyeza. Mluzi ukapita, kicheko kikaja, kikakatika. Mama Mwenyekiti alisikiliza ameinamisha kichwa, kama anayesikiliza mlango wa jirani.

"Tena."

Fundi akacheka tena.

"Ni yeye," alisema Mama Mwenyekiti. "Ni yeye kabisa, mshenzi yule. Kila nilipopanda ubeti wa mwisho alikuwa anainama chini ya kinanda kama anatafuta waya, mabega yanamtetemeka. Na mimi namhurumia! Namwambia mume wangu, jamani, mtafutieni dawa, kifua kinamsumbua." Akanywa soda. "Kumbe ananicheka."

Dobi alitaka kusema hapana, kisha akakumbuka jioni fulani fulani, jinsi kaka yake alivyorudi kutoka mazoezini akiwa bado anafuta macho, akashindwa kusema uongo.

"Basi nifute, mama?" aliuliza Maestro, na sauti yake ilijaa matumaini.

Godoro likamwegemea Dobi.

"Ufute?" Mama Mwenyekiti alimtazama Maestro toka skafu iliyokuwa mfukoni mpaka viatu. "Afe, nimzike, nimlilie mpaka kilemba kidondoke, halafu aondoke hivihivi na kicheko chake? Muache humohumo. Iko siku nitapanda ule ubeti mpaka anyamaze mwenyewe."

Akanyoosha mkono, akachomoa waya wa umeme yeye mwenyewe. Kioo kikazimika. Kisha, kwa mara ya kwanza, akamgeukia Dobi.

"Na wewe umesimama na godoro kama polisi wa nini? Kaa chini, si umepewa."

Dobi akalilaza godoro pale uani, likiwa bado na nailoni yake, akakaa.